Tusizifunge komandi za HMC kwa sababu ya uoga

Kuna ofisi moja kubwa hapa Dar, jina naliacha, imewapa watu wake wa TEHAMA mwongozo kwamba kuanzia sasa hakuna kuingia kwa ssh, yaani kwa kuandika komandi kutoka mbali, kwenye HMC, ile kompyuta ya kusimamia seva za IBM Power. Kila kitu kinachohusu patisheni, yaani vipande ambavyo seva moja imegawanywa na kila kimoja kinafanya kazi kama seva yake, kifanyike kwenye madirisha ya kubofya, na kila hatua ipigwe picha ya skrini iambatanishwe kwenye fomu ya mabadiliko. Nimeongea na watu wa ofisi nyingine zenye mashine kama hizo, Posta mpaka Kijitonyama, na wengi wanaona ni uamuzi wa busara. Mimi naona nia ni nzuri ila kilichofungwa sicho, na ni jambo la kujadili kwa utulivu maana seva hizi ndo zimebeba mifumo ya benki, mishahara na bili, vitu ambavyo vikilala saa mbili asubuhi watu wanajaa mpaka nje ya mlango.

Wanaotaka madirisha wana hoja, tena siyo ndogo. Komandi za HMC hazikuulizi mara mbili. Ukiandika chsysstate, komandi ya kuwasha na kuzima, na -o shutdown na --immed halafu ukataja jina la patisheni ambayo siyo, inazimika hapohapo, databesi ikiwa katikati ya kazi. Ukiweka -r sys na -o off mahali pa -r lpar na -o shutdown haujazungumzia patisheni tena, umezungumzia seva nzima na kila kilichomo. Halafu kuna mambo ya namba: kuiunganishia patisheni diski kupitia VIOS, ile patisheni inayozigawia nyingine diski na mtandao, unaandika kitu kama virtual_scsi_adapters=2/client/1/vios1/12/0, vipande sita vimetenganishwa na mkwaju, na ukikosea hiyo 12 ambayo ni sloti ya upande wa VIOS, mksyscfg, komandi ya kuunda patisheni, inaweza kuipokea tu, patisheni inaundwa vizuri, unaiwasha, haioni diski, unakaa usiku kucha unatafuta. Madirisha ya siku hizi yanakuchagulia hizo namba yenyewe na kutengeneza adapta pande zote mbili. Kwa kijana aliyeanza kazi mwezi jana hiyo ni nafuu ya kweli na sitaki mtu aidharau.

Ila angalia vizuri kinachoogopwa hapo ni nini. Patisheni inaweza kufutwa kwenye dirisha pia, inaweza kuzimwa kwenye dirisha pia, tena kwa kubofya kule ambako mkono umeshazoea kukubali kila kisanduku kinachotokea. Hatari inatoka kwenye mamlaka aliyopewa mtu, na ofisi nyingi nilizoziona watu watano wanatumia hscroot mmoja, ile akaunti kuu ya HMC, paswedi ile ile wote wanaijua, hata aliyeondoka mwaka juzi anaijua. HMC ina nafasi tayari, kuna hmcviewer wa kuangalia tu, kuna hmcoperator, kuna hmcsuperadmin, na kama hazikutoshi unatengeneza ya kwako kwa mkaccfg ukachagua huyu aguse seva ipi na afanye nini. Nafasi hizo zinambana mtu akiwa kwenye ssh na akiwa kwenye dirisha vilevile. Na wanaosema ssh ni ya kujificha, lssvcevents -t console inakuonyesha nani alifanya nini na saa ngapi, mradi kila mtu awe na jina lake. Kufunga ssh huku hscroot anazunguka mikononi mwa watu watano ni kufunga dirisha na mlango uko wazi.

Sasa kuna jambo moja ambalo kwangu ndo kiini cha ubishi wote huu, na kwenye vikao vya mabadiliko sijasikia likitajwa. Ni tofauti kati ya profaili, yaani mipangilio iliyohifadhiwa ambayo patisheni inawashwa nayo, na patisheni inayotembea.

Tuseme patisheni ya mfumo mkubwa profaili yake ina desired_mem=65536, yaani gigabaiti 64. Mwisho wa mwezi inaelemewa, injinia anaiongezea 16 kwa chhwres -r mem -o a -q 16384, au anafanya hivyo hivyo kwenye dirisha, memori inaingia palepale bila kuzima chochote na kila mtu anafurahi, anapongezwa kwenye kikao. Lakini kama ile hali ya kusawazisha profaili haijawashwa, 80 iko kwenye patisheni inayotembea tu, profaili bado inasema 64. Ukirestati AIX yenyewe, mfumo endeshi ulio ndani ya patisheni, hakuna kinachopotea na ndo maana watu wanadanganyika, wanarestati mara kadhaa wanaona 80 iko palepale wanaamini mambo yameisha. Miezi inapita. Siku moja umeme unakatika, na sisi wa Dar hili halihitaji maelezo, jenereta inachelewa, betri zinaisha, seva nzima inalala. Usiku watu wanaiamsha, wanawasha VIOS kwanza kama inavyotakiwa, halafu patisheni moja moja kwa profaili zake, na hii yetu inarudi na 64. Inawaka vizuri, haionyeshi kosa lolote. Watu wanaenda kulala saa kumi alfajiri wakijua wameokoa jahazi.

Wiki mbili baadaye mishahara inaingia, mfumo unakuwa mzito, na hapo ndo mateso yanaanza maana hakuna aliyebadilisha kitu. Logi ukizisoma ni kweli, hakuna aliyebadilisha kitu wiki hiyo. Analaumiwa mtu wa databesi, analaumiwa mtu wa mtandao, anaitwa mkandarasi analipwa, na jibu liko kwenye namba moja ya miezi sita nyuma. Na hapo ni memori, ambayo angalau inajionyesha kwa uzito. Ikiwa kilichoongezwa ni adapta ya VLAN (mtandao uliotengwa) ya bakapu, patisheni inaweza kuwaka bila hiyo adapta na hakuna atakayejua mpaka siku bakapu inahitajika.

Mtu atasema hata dirisha lina sehemu ya kuamuru mabadiliko yahifadhiwe kwenye profaili. Ni kweli lipo, na kwenye komandi ni sync_curr_profile=1, au unahifadhi mwenyewe kwa mksyscfg -r prof na -o save. Kwa hiyo kuzuia kunawezekana pande zote mbili. Kugundua ndo habari nyingine. Una patisheni 40, utajuaje leo ni zipi profaili yake imeachana na uhalisia? Kwa dirisha unafungua moja, unaangalia profaili, unafunga, unaangalia hali ya sasa, unaandika pembeni, unaenda ya pili, na ukifika ya kumi na tano umeshachoka, umeruka moja. Kwa komandi ni lssyscfg -r prof inayotoa lpar_name, name na desired_mem, na lshwres -r mem --level lpar inayotoa lpar_name na curr_mem, unaziweka pamoja unalinganisha, hata dakika tano haziishi. Ukitaka unaipangia skripti ikimbie kila usiku na asubuhi ikutumie zile tu zinazotofautiana. Ukifunga ssh umeondoa njia hiyo rahisi ya kuliona tatizo, na tatizo lenyewe umeliacha palepale.

Upande wa kumbukumbu nao naona umegeuzwa. Picha 30 za skrini kwenye fomu mkaguzi atazitazama lakini hawezi kuzitafuta, hawezi kuzilinganisha na za mwaka jana, na zinapigwa baada ya kitu kutokea. Mksyscfg inapokea faili kwa -f, maana yake patisheni yote, jina, min_mem na max_mem, prosesa, adapta, vinaandikwa kwenye maandishi kabla, mwenzako anasoma mstari kwa mstari siku mbili kabla ya kazi, anakuuliza mbona max_mem umeweka kubwa hivi, unajua mashine inatenga memori yake ya ndani kwa kufuata max na siyo kile unachotumia? Swali kama hilo kwenye kikao linaokoa memori. Kwenye madirisha linakuja mtu akiwa ameshabofya, saa sita usiku, peke yake.

Kuna mahali herufi chache zinabeba pesa nyingi sana. Sharing_mode=cap na sharing_mode=uncap, yaani patisheni iwe na kikomo cha prosesa au isiwe nacho. Oracle, wenye databesi za kulipia leseni, kwenye sera yake ya kugawa mashine inazitambua patisheni ndogo za IBM kama mipaka ya kweli zikiwa zimewekewa kikomo tu, yaani cap. Mtu akiacha uncap kwa sababu inaenda kasi zaidi, hesabu ya leseni inaweza kubadilika kabisa siku wakaguzi wa leseni wakija. Kwenye dirisha hiyo ni alama ya tiki kati ya nyingi. Kwenye faili ni neno linalosomeka, na unaweza kuuliza seva zote kwa mstari mmoja nani ana uncap.

Halafu kuna maisha ya kawaida ya mji huu. Injinia wa zamu anakaa Mbagala au Kigamboni, saa nane usiku anapigiwa, hana muda wa kuja mjini, anawasha hotispoti ya simu anaingia kwa VPN. Dirisha la HMC ni ukurasa mzito wa wavuti, mtandao ukiyumba katikati ya hatua hujui imepokelewa au la. Ssh ni herufi tu. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari tuliona wenyewe intaneti ya nchi nzima ilivyodorora, na mtu anayetegemea msaada wa fundi aliye nje ya nchi siku kama zile anataka njia nyepesi iwepo.

Siwatetei wapenzi wa komandi kwa kila kitu. Kuna skripti nimeziona kwenye ofisi za watu zimeandikwa na jamaa mmoja, hazina maelezo hata mstari, yeye kaondoka na waliobaki wanazikimbiza kila mwezi bila kujua zinafanya nini, wakiogopa hata kubadilisha jina la seva. Hapo mwongozo wa ofisi ile ninayoizungumzia una haki ya kukasirika, maana maarifa yamefichwa kichwani kwa mtu mmoja. Lakini skripti hizo zinasomeka, mtu anaweza kukaa nazo wiki moja akazielewa akaziandikia maelezo, au akazihamishia kwenye Ansible, programu ya kuendesha kazi za seva kwa maandishi, ambayo ina moduli za HMC tayari. Mabofyo ya mtu aliyeondoka hayasomeki popote.

Kwa hiyo kama ningekuwa kwenye kile kikao ningeomba mambo machache. Kila mtu apewe jina lake kwenye HMC na hscroot afungiwe kwenye bahasha. Wageni kazini waanze na dirisha na hmcviewer, wapande taratibu. Komandi za kufuta na kuzima ziende kwa watu wawili, mmoja anaandika na mwingine anasoma kabla ya kubonyeza. Kuunda patisheni kuwe kwa faili lililopitiwa, na faili hilo ndo liambatanishwe kwenye fomu mahali pa picha. Na kabla hawajaifunga ssh wachukue zile komandi mbili, lssyscfg na lshwres, wazikimbize kwenye seva zao zote wiki hii, walete kwenye meza orodha ya patisheni ambazo umeme ukikatika leo usiku zitarudi na namba za zamani.