Kitonga kwa pikipiki

Kwa miaka mingi nimeupita mlima Kitonga wa Iringa ndani ya basi, nusu nimelala, pazia limefungwa. Siku nilipoupanda kwa pikipiki ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa siujui kabisa.

Ukitoka Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu na wauza vitunguu, joto linakubana hadi ndani ya kofia ngumu. Kisha barabara inaukumbatia mlima, bonde linabaki upande mmoja, na malori ya Tunduma na Zambia yanatambaa kwa gia nzito, moja nyuma ya lingine. Harufu ya breki za yale yanayoshuka inakufikia kabla hujayaona. Kila baada ya kona chache upepo unakuwa mwingine shingoni. Ukifika Ilula kwenye matenga ya nyanya, zipu ya koti umeshaipandisha hadi kidevuni.

Waendesha pikipiki duniani huiota Stelvio, barabara ya milimani ya Italia, na wana haki. Upande wa kijiji cha Prato una kona kali 48, kila moja na namba yake, hadi mita 2,757 juu ya usawa wa bahari. Ilijengwa kati ya 1820 na 1825 na mhandisi Carlo Donegani, wakati jimbo la Lombardia liko chini ya Austria. Natamani kufika. Ila kinachowavuta watu kule, Kitonga inacho: kona inayokudai mwili mzima. Breki unazimaliza kabla ya kuingia, unashusha gia, na macho unayapeleka kule kona inakoishia, kwa sababu ukikodolea bonde pikipiki nayo itafuata bondeni. Dakika hizo hakuna deni wala simu inayopata nafasi kichwani.

Ndiyo maana inaniuma kuona vijana wakiovateki lori kwenye kona wasikoona mbele. Dereva anayeshuka na mzigo mzito hana pa kukukwepea. Halafu raha yenyewe ya mlima haimo kwenye mwendo kasi. Anayekimbia anaimaliza kabla hajaionja.

Safari yangu ya mwisho nilikaa nyuma ya lori la mafuta karibu mlima mzima. Utingo alikuwa akitoa mkono dirishani, kiganja chini: subiri. Nikasubiri. Tulipofika juu, barabara iliponyooka, mkono ule ukatoka tena, ukanipungia nipite.