Utumwa Zanzibar haukwisha mwaka 1873

Ukifika Mkunazini utaingizwa kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Mbele ya altare utaonyeshwa duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Hapo, waongoza watalii husema, ndipo watumwa walipofungwa na kuchapwa. Kisha wanamalizia: mwaka 1873 Sultani Sayyid Barghash akalifunga soko, utumwa ukaisha.

Ukaisha wapi! Kilichokatazwa ni kuwasafirisha baharini na kuwauza sokoni. Waliokwisha kununuliwa waliendelea na karafuu za mabwana zao hadi 1897, Sultani Hamoud alipotoa amri kwa shinikizo la Waingereza. Hata hapo, mtumwa ilibidi aende mwenyewe kuuomba uhuru wake, na akiupata aonyeshe ana makazi na riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Fidia alilipwa bwana. Masuria, yaani watumwa wa kike waliolala na mabwana zao, wakaachwa nje kabisa, eti wao ni kama wake. Walingoja hadi 1909. Na huyo Barghash, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi.

Ukiyasema haya msikitini utajibiwa kwamba Uislamu ulikuja kuuondoa utumwa kidogo kidogo. Mimi Muislamu, na hoja hiyo siipingi: kafara ya kuua bila kukusudia ni kumwacha mtumwa huru, na zaka ina fungu la kuwakomboa. Lakini kidogo kidogo gani hii ya karne kumi na tatu? Saudi Arabia iliufuta utumwa 1962, Oman 1970, Mauritania 1981. Mlango ulikuwa wazi. Wenye mashamba hawakutaka kuupita.

Wengine husema tulilazimishwa na Wazungu, kana kwamba wanachuoni wetu hawakuwa na la kusema. Basi msomeni Ahmad Bey, mtawala wa Tunis. Januari 1846, miaka miwili kabla ya Ufaransa kuufuta utumwa katika makoloni yake, alipiga marufuku utumwa nchini mwake, akajenga hoja kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu: watu weusi wanaoletwa, Uislamu uliwafikia zamani, kwa hiyo ni shaka kama walitekwa kihalali, mabwana hawatimizi haki walizoamrishwa, na jambo la mubaha, yaani lililoruhusiwa bila kuamrishwa, likizaa madhara, mtawala ana haki ya kulizuia. Siasa ilikuwemo pia, hakutaka watumwa wakimbilie kwa mabalozi wa kigeni. Mamufti wa madhehebu ya Kihanafi na Kimaliki wakamuunga mkono. Kwa nini mimbari zetu hazimtaji?

Labda kwa sababu ukimtaja yeye utaulizwa habari za kwetu. Mwaka juzi nilikuwa kwenye barza tukizungumzia posa ya binti mmoja wa ukoo wetu. Kijana ana kazi, anaswali, kila mtu anamsifu. Mzee mmoja akaweka kikombe chake cha kahawa chini, akauliza taratibu: "Babu zake hasa ni watu wa wapi?" Hakuna aliyemwuliza ana maana gani. Posa ikarudishwa.