Tochi mdomoni, halafu? Ukaguzi wa saratani ya kinywa Mtwara na Lindi

Rafiki yangu mmoja, tabibu wa meno hapa Mtwara, ana wazo ambalo hachoki kulieleza: kila muhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe tochi na kijiti cha kukandamizia ulimi, apite nyumba kwa nyumba kuanzia Newala hadi Nachingwea, akague kinywa cha kila mtu mzima. Mara ya kwanza nilikubali yote. Siku hizi nakubali nusu.

Nusu hiyo ina ushahidi. Katika jimbo la Kerala, India, ambako kutafuna tambuu ni jambo la kila siku, utafiti ulioanza mwaka 1996 uliwafundisha wahudumu wa kawaida, si madaktari, kukagua vinywa vya watu wa miaka 35 na kuendelea. Matokeo yalitolewa mwaka 2005: kwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34. Kwa watu wote kwa jumla, tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba huenda ni bahati tu. Sentensi hiyo ya mwisho rafiki yangu huiruka. Mimi naona ndiyo kiini: tochi iliokoa ilipomulika vinywa vya walio hatarini.

Nao walio hatarini tunawajua. Saratani za kichwa na shingo, yaani za mdomo, ulimi, koo, kisanduku cha sauti, pua na tezi za mate, zaidi ya asilimia 90 huanzia kwenye utando laini wa ndani. Sigara huuchokoza utando huo. Ugoro unaofichwa nyuma ya mdomo wa chini huuchokoza pia, na popoo ya kwenye tambuu inatosha kuleta saratani hata bila tumbaku. Mvutaji anayekunywa pombe hajumlishi hatari mbili, anazizidisha. Msimu wa mabibo, uraka ukiwa tayari na gongo imeshapikwa, sigara haikosi pembeni. (Anayejitetea kwamba hiyo ni pombe ya matunda tu ajue kinachodhuru ni kileo chenyewe, kiwe cha chupa au cha dumu.) Kuna pia kirusi cha HPV aina ya 16, ambacho Marekani na Ulaya kimekuwa chanzo kikubwa cha saratani ya nyuma ya koo. Chanjo yake wasichana wetu wanapewa nchi nzima tangu 2018 kwa ajili ya shingo ya kizazi, na kinga ya koo itakuwa nyongeza.

Sasa nusu nisiyoikubali. Tochi haifiki kwenye kisanduku cha sauti. Mtu sauti ikikwaruza wiki 3 mfululizo, tonge likawa linakwama, sikio la upande mmoja likamuuma ingawa halitoi usaha, jirani wa kwanza atasema ni kimeo, na fundi wa kukata kimeo hayuko mbali. Shingo ikivimba, ni matubwitubwi. Isiponywea, zahanati itawaza TB ya tezi, na si kosa kuiwaza. Lakini dawa za TB ni za miezi 6, na kama uvimbe ni wa saratani, miezi hiyo imepotea bure.

Halafu kuna safari. Baka la mdomoni likitiliwa shaka, linatakiwa kukatwa kipande kidogo kikapimwe. Akihitaji mionzi, njia yake ni hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kilomita 560 hivi kutoka Mtwara mjini. Mionzi ya saratani hizi kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6 au 7. Mkulima wa Masasi akiondoka Juni, mikorosho yake inakosa salfa, na yeye analala sebuleni kwa ndugu Mbagala akihesabu siku. Kumwambia mtu huyo "una baka baya" kisha kumwacha barazani na karatasi ya rufaa ni kumwongezea ugonjwa wa pili.

Rafiki yangu ana jibu, na ni jibu zuri: baka likigunduliwa dogo, mara nyingi upasuaji peke yake unatosha, na wengi huona mionzi kwa sababu wamechelewa. Hapo ananishinda. Ila ushindi huo haudai nyumba kwa nyumba. Unadai tuanze na kiti chake mwenyewe. Aliyekuja kung'oa jino hospitali ya Ligula au ya Ndanda tayari amefungua mdomo, taa iko juu yake. Kuinua ulimi, kutazama pembeni na chini yake, kupapasa shingo chini ya taya, kuuliza habari za ugoro na sigara: dakika 3. Na anayeacha tumbaku leo hupunguza hatari yake mwaka hadi mwaka, hata asipoonekana na baka lolote.

Kiti hicho kina tundu moja. Mzee wa miaka 70 aliyekwisha meno, mwenye kopo la ugoro mfukoni tangu ujana wake, hana jino la kumpeleka kwa tabibu. Kwa huyo nakubali tochi imfuate nyumbani, mradi muhudumu aliyeishika awe amepewa pia nauli ya kumfikisha mzee hospitali ya kanda pale Mitengo, na ya kumrudisha.