Tovuti Yako Iko kwa Jina la Nani?

Mshonaji mmoja alinipigia simu asubuhi na mapema, sauti imemkauka. Tovuti ya biashara yake ya ushonaji, iliyokuwa hewani kwa miaka minne, ilikuwa imetoweka. Ukifungua anwani yake unakutana na ukurasa wa matangazo, na juu yake maneno kwamba muda wa jina hili umekwisha. Barua pepe za biashara nazo zilikuwa zimekatika kwa sababu zilitumia jina hilohilo. Nikamwambia tuingie kwenye akaunti ya msajili wa majina, yaani kampuni inayosajili majina ya tovuti, tulipie. Hana akaunti. Fundi aliyemtengenezea tovuti ndiye aliyesajili kila kitu kwa barua pepe yake mwenyewe, na namba yake ya simu haikuwa ikipatikana tena. Tulipofukua makaratasi ya mwanzo, ankara ilikuwa na mstari mmoja tu: "Tovuti kamili."

Tangu siku hiyo, mwenye biashara ndogo akiniuliza kama ajitengenezee tovuti au atafute fundi, nami humuuliza jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yake mtandaoni, litasajiliwa kwa barua pepe ya nani. Wengine huona nimelikwepa swali lao. Kwangu mimi hilo ndilo linalotangulia, na mjadala wa fundi au mwenyewe unakuja nyuma yake.

Jina la kikoa, au domeni kama mafundi wanavyoliita, halinunuliwi moja kwa moja. Linalipiwa kwa muda, kama pango. Jina la .com unaweza kulilipia kwa mwaka 1 hadi 10, kisha unalipia tena. ICANN, chombo kilichoundwa 1998 kusimamia mfumo wa majina haya, inawataka wasajili wamkumbushe mteja angalau mara mbili kabla ya muda kwisha, takriban mwezi mmoja na wiki moja kabla, kisha wamkumbushe tena ndani ya siku 5 baada ya kwisha. Utaratibu ni mzuri, ila ukumbusho unakwenda kwenye barua pepe iliyoandikwa wakati wa usajili, basi. Kama ni ya fundi aliyekwisha kubadilisha kazi, unasomwa na hewa. Msajili akishalifuta jina, zinabaki siku 30 za kulikomboa, kwa ada iliyo juu ya ile ya kawaida, halafu siku 5 za kusubiri. Baada ya hapo mtu yeyote duniani anaweza kulichukua, na aliyelijengea sifa kwa miaka hana la kudai kirahisi.

Na usitegemee kuchungulia rejista ya umma ujue jina liko kwa nani. Tangu sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika Mei 2018, majina mengi ya wenye vikoa hufichwa humo. Jiulize tu: barua ya kukumbusha malipo huingia kwenye sanduku la nani?

Sasa tuje kwenye mjadala wenyewe. Nimekaa upande wa mafundi muda wa kutosha, na nakiri kwamba wanaosema "jitengenezee mwenyewe" wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kusikia. Huduma kama Wix, iliyoanza 2006, na Squarespace zimewaondolea watu kazi iliyokuwa ikihitaji mtaalamu. Unachagua kiolezo, unaweka picha zako, unaandika maneno yako, unabonyeza kitufe cha kuchapisha. Biashara inayohitaji kurasa tano, yaani sisi ni nani, tunafanya nini, kazi zetu, gharama zetu na tunapatikana wapi, haina sababu ya kumlipa mtu aandike msimbo kuanzia mwanzo.

Faida kubwa zaidi ya njia hii ni kwamba mkono wa kubadilisha mambo unabaki kwako. Umehamisha ofisi leo, unabadilisha anwani jioni hiihii. Nimeona tovuti nzuri, zilizolipiwa fedha nyingi, zikionyesha namba ya simu iliyokufa miezi minane iliyopita kwa sababu mwenye biashara alikuwa akimsubiri fundi apate nafasi. Mteja aliyepiga namba hiyo hakurudi kuuliza kulikoni. Alienda kwa mwingine.

Lakini njia hii nayo ina mtego, na wauzaji wake hawauweki mbele. Tovuti uliyoijenga Wix huwezi kuibeba ukaihamishia kwenye seva nyingine, yaani kompyuta nyingine inayohifadhi tovuti. Kampuni yenyewe inaeleza hivyo waziwazi. Siku ukitaka kuondoka, maneno utayanakili ukurasa baada ya ukurasa na sura utaijenga upya. Tena mwenye jukwaa anaweza kuamua kulifunga. Yahoo iliifunga GeoCities mwaka 2009, na kurasa za watu zisizohesabika zikaondoka nayo. Karibu zaidi na wenye biashara ndogo, Google ilikuwa na huduma ya bure ya kutengeneza tovuti ndogo kupitia wasifu wa biashara unaoonekana kwenye ramani zake. Machi 2024 ikazizima. Kwa muda mfupi wageni walielekezwa kwenye wasifu wenyewe, kisha tarehe 10 Juni mwaka huohuo uelekezaji huo nao ukakoma. Waliokuwa na jina lao wenyewe la kikoa walilielekeza kwenye tovuti nyingine na wateja wakaendelea kuwapata. Waliotumia anwani ya bure ya Google walibaki na vipeperushi na kadi zinazotaja mahali pasipokuwepo.

Wanaosema ukurasa wa mtandao wa kijamii unatosha, jibu langu kwao ni fupi. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita. Biashara ambayo milango yake yote mitatu ilikuwa humo ilifungwa bila kuulizwa. Tumia mitandao hiyo, wateja wako huko. Ila uwe na mahali pako pa kuwaleta.

Upande wa fundi, kinachonisumbua ni kwamba wenye biashara wengi humpima kwa asichopaswa kupimwa nacho kwanza. Wanatazama rangi na picha zinazoteleza. Kazi nyingi za fundi mzuri hazionekani. Chukua fomu ya mawasiliano. Mteja anajaza jina, anaandika anachotaka, anabonyeza tuma, anaona "Asante, tumepokea ujumbe wako." Ujumbe haufiki kokote. Seva imeutuma kwa jina la kikoa ambalo halijawekewa uthibitisho wa nani anaruhusiwa kutuma barua kwa niaba yake, yaani rekodi ambazo mafundi huziita SPF na DKIM, na sanduku la upande wa pili limeutupa kwenye barua taka au limeukataa kabisa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti ya uthibitisho huo. Mwenye biashara hawezi kulijua tatizo hili, maana mteja asiyejibiwa haji kulalamika. Huondoka akiamini amedharauliwa. Ndiyo maana kabla ya kumaliza kulipa, jaza fomu yako mwenyewe kwa simu ya mtu mwingine, kisha usubiri ujumbe uingie.

Au chukua ukarabati. Tovuti ya zamani ilikuwa na ukurasa uliozoeleka kwenye matokeo ya Google kwa miaka. Tovuti mpya inakuja na anwani mpya za kurasa, na anayefungua kiungo cha zamani anaambiwa ukurasa haupo. Fundi makini huandika orodha ya anwani zote za zamani na kuielekeza kila moja kwenye mahali pake papya. Ni kazi ya siku moja, inachosha, haimpendezeshi mtu yeyote, na isipofanyika biashara hupoteza wageni waliokuwa wakija wenyewe. Vivyo hivyo picha: iliyopigwa kwa simu janja inaweza kuwa na megabaiti tano au sita, ukiweka kumi kama hizo mbele, mgeni mwenye intaneti ya kusuasua ataondoka kabla hajaona kitu. Google inashauri sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5.

Hatari ya kumtegemea fundi nayo ni ya kweli. Wako wanaojenga kwa mfumo walioutunga wenyewe, wasiouelewa wengine, na hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Akiondoka, anayekuja atakuambia abomoe aanze upya, na mara nyingi atakuwa anasema kweli. Kwa sababu hiyo napendelea WordPress, programu ya kujengea tovuti iliyotoka 2003 na ambayo leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Programu yenyewe ni huria, unaweza kuihamisha seva hadi seva, na fundi wa kuipokea hakosekani. Ina gharama yake: programu za nyongeza zisipohuishwa ndizo mlango wa wadukuzi, kwa hiyo lazima ijulikane nani anafanya kazi hiyo kila mwezi na kwa malipo gani. Tovuti ya WordPress isiyo na mlezi ni hatari kuliko ya Wix, na hili mafundi wenzangu hawalisemi vya kutosha.

Kuna jambo la hakimiliki ambalo watu hushtuka wakilisikia. Katika sheria ya Uingereza ya 1988, kazi ya mfanyakazi wa kuajiriwa huwa ya mwajiri wake, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Fundi wa nje uliyemwagiza si mfanyakazi wako, na hakimiliki ya alichokiunda huanzia kwake hadi aihamishe kwako kwa maandishi yenye sahihi. Sheria ya Marekani nayo, kwa kazi za aina hii, inataka maandishi. Kwa hiyo risiti ya malipo haitoshi. Aya moja kwenye mkataba, inayosema kwamba malipo yakikamilika muundo, msimbo ulioandikwa kwa ajili yako na picha vinakuwa vyako, inamaliza jambo ambalo baadaye huhitaji wakili.

Niwatetee mafundi pia, maana lawama zote hazistahili kuwaangukia. Wengi waliosajili kikoa kwa jina lao hawakukusudia kumteka mtu. Mteja hakuwa na kadi ya kulipia mtandaoni, hakuwa na barua pepe ya biashara, alisema "wewe fanya tu, mimi hayo sijui," na fundi akafanya ili kazi isonge. Na kazi ikichelewa, mara nyingi inachelewa kwa sababu ya maneno. Fundi amemaliza muundo, anaomba maelezo ya huduma, anajibiwa "weka chochote kwanza." Wiki ya sita bado anasubiri picha tatu. Hakuna fundi anayeijua biashara yako kama wewe, wala maswali ambayo wateja wako huuliza kila siku. Yaandike maswali hayo na majibu yake kabla hujamtafuta mtu. Hata ukiishia kuandika kurasa mbili tu za daftari, umefanya nusu ya kazi, na makadirio atakayokupa yatakuwa ya kweli kwa sababu anajua anajenga nini.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi? Biashara changa, yenye kurasa chache na mwenye muda wa jioni, ijitengenezee. Biashara inayopokea malipo mtandaoni, yenye bidhaa nyingi au inayohamisha tovuti ya zamani, itafute fundi. Katika hali zote mbili, kikoa kisajiliwe na mwenye biashara, kwa barua pepe yake isiyotegemea kikoa hichohicho, na ikiwezekana kwa msajili tofauti na anayehifadhi tovuti. Fundi apewe akaunti yake ya kuingilia, usimpe nywila yako. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la tovuti ni karatasi moja: kikoa kiko kwa nani, seva iko kwa nani, muda unakwisha lini, nakala rudufu iko wapi. Hilo la mwisho lina somo chungu. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVH, yaani jengo la seva zinazohifadhi tovuti za watu, kiliungua huko Strasbourg, Ufaransa. Wako waliokuwa na nakala rudufu, ila ziliwekwa kwenye kituo hichohicho, zikaungua pamoja na tovuti zenyewe. Nakala moja ikae nje kabisa ya seva, hata kwenye kompyuta yako ya ofisini.

Yule mshonaji tulimpata fundi wake baada ya wiki mbili, kupitia mtu aliyewahi kufanya naye kazi. Alikuwa ameacha kazi za tovuti, na barua za ukumbusho zilikuwa zimelundikana kwenye sanduku asilolifungua tena. Aliona haya sana. Jina lilikuwa bado kwenye siku za kukombolewa, msajili hakukubali kuzungumza na mtu mwingine isipokuwa yeye, naye akaingia, akalipia, na akalihamishia kwenye akaunti mpya ya mshonaji kwa msajili yuleyule. Barua za wateja za wiki hizo mbili hazikupatikana. Ukumbusho wa mwaka uliofuata uliingia kwenye simu ya mshonaji, naye alinitumia picha yake kabla hata hajalipia.