Kocha, klabu na neno la mwisho katika usajili

Mwanzoni mwa Septemba 2008, ndani ya siku mbili, makocha wawili wa Ligi Kuu ya Uingereza walijiuzulu kwa sababu zinazofanana. Alan Curbishley aliondoka West Ham tarehe 3, baada ya mabeki wake wawili, Anton Ferdinand na George McCartney, kuuzwa kwa Sunderland bila ridhaa yake. Siku iliyofuata Kevin Keegan akaondoka Newcastle United. Wote wawili walidai haki zao mbele ya baraza la usuluhishi la ligi, na wote wawili walishinda mwaka 2009. Ugomvi wa namna hii kwa kawaida huishia kwenye minong'ono ya magazeti, lakini katika shauri la Keegan uamuzi ulichapishwa, na ndani yake tunaona wazi jinsi mchezaji anavyoweza kuingia klabuni huku kocha hamtaki.

Keegan aliporudi Newcastle Januari 2008 aliamini kwamba neno la mwisho kuhusu usajili ni lake, na klabu yenyewe iliwaambia hivyo waandishi wa habari. Mwishoni mwa Agosti, Dennis Wise, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa masuala ya soka, alimpigia simu kumpendekezea Ignacio González, kiungo wa Uruguay aliyekuwa mali ya Valencia. Keegan hakumfahamu. Akaelekezwa amtazame YouTube. Akatazama, akaona video zile hazitoshi kumpima mchezaji, akakataa. Klabu ikamchukua kwa mkopo hivyo hivyo, na baadaye ikaeleza mbele ya baraza kwamba ilifanya hivyo kama fadhila kwa mawakala wawili wa Amerika Kusini, kwa matumaini kwamba wangeikumbuka siku za mbele. Mshahara wa mkopo huo ulikaribia pauni milioni 1, kwa mchezaji ambaye hakutarajiwa kucheza kikosi cha kwanza. Klabu ilikiri pia kwamba yale iliyowaambia waandishi kuhusu mamlaka ya Keegan hayakuwa kweli. Keegan akapewa fidia ya pauni milioni 2. Newcastle ilikuwa imekwisha kushuka daraja.

Ukisoma kisa hicho peke yake utasema kocha ana haki siku zote. Mimi sifiki huko, kwa sababu klabu nazo zina hoja nzito. Mkataba wa mchezaji huweza kufika miaka mitano, ilhali kocha huondoka baada ya vipigo vichache na kumwachia mrithi wake kikosi kilichojengwa kwa mfumo mwingine. Liverpool wanalijua hilo. Julai 2015 walimnunua Christian Benteke kwa pauni milioni 32.5, mshambuliaji aliyetakiwa na kocha wao Brendan Rodgers. Ilipofika tarehe 4 Oktoba Rodgers amekwisha kufukuzwa, na kiangazi kilichofuata Benteke akauzwa kwa Crystal Palace kwa sababu hakuendana na mchezo wa Jürgen Klopp, mrithi wa Rodgers. Roberto Firmino, ambaye kwa taarifa za wakati ule alisukumwa zaidi na jopo ambalo mashabiki wa Tanzania wangeliita kamati ya usajili, alibaki klabuni hadi 2023.

Kuna pia suala la fedha, ambalo kocha haoni daftari lake lote. Mmiliki wa West Ham wakati ule, Björgólfur Guðmundsson, alikuwa mwenyekiti wa benki ya Landsbanki ya Iceland, na benki hiyo ilianguka mwezi uliofuata kuondoka kwa Curbishley. Mkataba ulimpa Curbishley haki aliyoidai, na sioni kosa katika ushindi wake; hata hivyo, mzigo wa madeni haumwangukii kocha, na ni vigumu kumtaka mwenye klabu asiuze mchezaji hata pale hazina inapotindika.

Lakini kuna jambo ambalo hoja za klabu hazilijibu. Timu ikifungwa mara tano mfululizo, anayefukuzwa ni kocha, naye aliyemchagua mchezaji hubaki ofisini akisubiri dirisha lijalo la usajili. Tena mchezaji aliyeingizwa kwa nguvu hukaa benchi, na thamani yake, ambayo ndiyo klabu ilidai kuilinda, huporomoka wiki baada ya wiki.

Kwa hiyo naona swali la nani achague halituelekezi mahali pazuri. Mwaka 2017 Klopp alimtaka Julian Brandt, Mjerumani mwenzake, naye amelisema hilo hadharani. Watu wa usajili wa Liverpool waliona Mohamed Salah wa Roma anafaa zaidi, wakamweleza, wakamrudia na kumrudia mpaka akaridhika. Salah akafunga mabao 32 ya ligi msimu wake wa kwanza. Pale Newcastle, kocha aliposema hapana, mazungumzo yalikwisha na karatasi zikasainiwa. Kocha si lazima awe na haki ya kuchagua kila jina, lakini haki ya kukataa ni lazima awe nayo, kwani bila hiyo hakuna anayelazimika kumshawishi. Najua haki hiyo ikiwa mikononi mwa mkaidi itaikosesha klabu mchezaji mzuri mara moja moja. Hasara hiyo naiona ndogo kuliko ya kulipa mshahara wa mtu asiyepangwa.

Baraza lililomsikiliza Keegan liliegemea maneno ya mkataba yaliyosema atatekeleza majukumu ya kawaida ya meneja wa timu ya Ligi Kuu, likaona kuamua nani asajiliwe ni mojawapo ya majukumu hayo. Tangu hapo klabu nyingi za Uingereza zimeacha cheo cha meneja na kuandika kocha mkuu. Anayesaini leo kwa cheo hicho hawezi kutegemea desturi imsemee kama ilivyomsemea Keegan. Akitaka haki ya kukataa, inabidi iandikwe kama kifungu kamili kabla hajaweka saini yake.