"Umefunga valvu": taarifa au swali?

Mtu wa Ngamiani, Tanga, akisema "umefunga valvu" huku sauti ikishuka mwishoni, ametoa taarifa. Akiyasema maneno yayo hayo kwa sauti iliyopanda kote, na silabi ya pili kutoka mwisho ikiinuliwa zaidi, ameuliza. Hakuna herufi iliyobadilika wala neno lililohama. "Je" ni ya hiari, na watu wanaofanya kazi pamoja kila siku huitumia kwa nadra. Binadamu anaelewa bila kufikiri. Mashine inayogeuza sauti kuwa maandishi ikielewa vibaya, fomu ya ukaguzi itasema valvu imefungwa, kumbe fundi alikuwa anamuuliza mwenzake.

Kwa Tanga hili si jambo la vitabuni tu. Bandari imechimbwa hadi kina cha mita 13 na kupata gati za mita 450, ilhali zamani meli zilitia nanga mbali na mzigo ukaja kwa matishari. Ng'ambo ya ghuba, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima: kilomita 1,443, kipenyo cha inchi 24, na mafuta yenye nta ambayo lazima yakae juu ya nyuzi 50 ili yasigande. Nguzo za chuma zinazosimama kwenye maji ya chumvi, matangi na mabomba, vyote vinahitaji kupimwa unene mara kwa mara. Roboti yenye magurudumu ya sumaku inaweza kupanda ukuta wa tangi na kupima mahali ambapo zamani mtu alihitaji jukwaa na mkanda wa usalama. Mabishano yako kwenye namna ya kuiongoza: mwendeshaji aseme nayo kwa Kiswahili, au abaki na vitufe na skrini?

Wanaotaka sauti wana hoja nzito. Mkono mmoja umeshika kamba ya roboti, mwingine una glavu iliyopakaa jeli ya kupimia. Skrini saa saba mchana haisomeki, na menyu zake mara nyingi ni za Kiingereza. Matokeo yake vipimo huandikwa baadaye kivulini, kutoka kichwani au kwenye karatasi iliyolowa. Anayetamka palepale "nguzo ya 14, upande wa bahari, tisa nukta nne" anaacha kumbukumbu bora kuliko hiyo. Tena anaacha na mambo ambayo fomu haina nafasi yake: hapa rangi imevimba, hapa kichwa cha kipimo hakikukaa sawa. Hoja hii hupuuzwa na wanaofanyia kazi kwenye kiyoyozi.

Hoja za upande wa pili zinahitaji maelezo, na ni vizuri kuanza na kipimo chenyewe. Kichwa cha kipimo hupeleka mlio usiosikika ndani ya chuma, ukagonga upande wa pili na kurudi. Ndani ya chuma cha pua mlio husafiri takriban mita 5,900 kwa sekunde, kwa hiyo bamba la milimita 10 huchukua maikrosekunde 3.4 kwenda na kurudi. Mashine haipimi unene, inapima muda. Ndiyo maana rangi huidanganya: mlio ndani ya rangi huenda polepole, karibu mita 2,400 kwa sekunde, na tabaka la nusu milimita husomeka kama milimita 1.2 za chuma ambacho hakipo. Dawa yake ni kutopima hadi mwangwi wa kwanza wa upande wa pili, bali muda kati ya mwangwi huo na unaofuata, kwa kuwa hapo mlio unazunguka ndani ya chuma tupu. Jua nalo lina sehemu yake. Usomaji huongezeka takriban asilimia 1 kwa kila nyuzi 55 za joto, kwa hiyo kipande cha chuma chenye ngazi za unene unaojulikana, kinachotumika kurekebishia kipimo, hakifai kukaa kwenye begi kivulini wakati tangi linaungua juani.

Kuna kosa moja la kipimo hiki ambalo mtaalamu wa fonetiki, yaani sayansi ya sauti za lugha, atalitambua kama ndugu yake. Bamba likiwa jembamba kuliko uwezo wa kichwa cha kipimo, mashine huukosa mwangwi wa kwanza na kuushika wa pili. Chuma cha milimita 1.5 kinasomeka 3. Sasa tazama namna kompyuta inavyopima kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika usemi. Nyuzi za sauti za mwanamume hupigana karibu mara 120 kwa sekunde anapoongea, za mwanamke karibu mara 200 au zaidi. Programu kama Praat, iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, huliteleza wimbi juu ya lenyewe na kutafuta ni baada ya muda gani linafanana tena. Kwa hezi 120 jibu ni milisekunde 8.3. Ikiukosa mzunguko wa kwanza ikashika wa pili, inasema hezi 60, na grafu ya kiimbo inadondoka oktavu nzima katikati ya neno. Hesabu ni ileile na kosa ni lilelile, isipokuwa sauti ya mtu huenda polepole mara zaidi ya 2,000.

Tofauti ipo kwenye mazingira. Chuma kinapimwa kikiwa kimeguswa, lakini sauti ya mtu hupita hewani, na hewa ya gatini ina kelele zake. Jenereta la mipigo minne lenye silinda nne, likizunguka mara 1,500 kwa dakika, hulipuka mara 50 kwa sekunde. Marudufu yake, yaani milio ya mara mbili na mara tatu ya hapo, yanakaa kwenye 100 na 150, yaani palepale sauti ya mwanamume inapoishi. Programu inayotafuta kitu kinachojirudia itampata jenereta kabla ya kumpata fundi. Ukiiambia isitafute chini ya hezi 110, jenereta linatoka kwa sehemu kubwa, lakini linatoka pamoja na mwisho wa sentensi ya taarifa, kwa sababu hapo ndipo sauti ya mwanamume hushuka hadi 80 au 90. Umeondoa alama yenyewe iliyokuwa inakuambia kwamba hili si swali. Na kusi ikivuma kwenye maikrofoni isiyo na sponji, ngurumo yake inajaza eneo hilohilo.

Kuna njia ya kukwepa: maikrofoni ya kooni, inayogusa shingo na kusikia nyuzi za sauti moja kwa moja. Kiimbo kinatoka safi hata kando ya jenereta. Kinachopotea ni milio ya juu, na kwa Kiswahili hasara hiyo inaangukia mahali pabaya. "Sita" na "tisa" zina irabu zilezile kwa mpangilio uleule, na konsonanti zilezile zimebadilishana nafasi tu. Nguvu ya /s/ iko zaidi juu ya hezi 4,000. Maikrofoni ya kooni haiifikii, na redio koli hukata chini ya hapo. Nane nukta sita na nane nukta tisa hutofautiana kwa milimita 0.3. Kama nguzo inapoteza milimita 0.1 kwa mwaka, hiyo ni miaka mitatu ya kutu. Fundi aliyezoea redio koli hurudia namba, au huitamka kwa Kiingereza, na mfumo usioruhusu mchanganyiko huo utaachwa kwenye droo ndani ya wiki moja.

Tatizo jingine halina uhusiano na kelele, linatokana na umbo la kitenzi chetu. Mifumo ya sauti huokoa betri kwa kulala hadi isikie mtu anaanza kusema, na huamka kwa kuchelewa sehemu ndogo ya sekunde. Katika Kiswahili ukanushi unakaa mwanzoni kabisa, kwenye silabi isiyo na mkazo. "Usishuke" ikikatwa kichwa inabaki "shuke", na mfumo unaotafuta amri inayofanana nayo utaipata "shuka". "Haijavuja" ikikatwa inabaki "javuja", nani anajua itaandikwa nini. Hili angalau lina dawa rahisi: kifaa kihifadhi muda wote nusu sekunde ya mwisho ya sauti, na kikiamka kianze kusikiliza kutoka huko nyuma. Anayenunua mfumo aulize hilo kabla ya kuuliza bei.

Turudi kwenye kiimbo, maana ndipo pande mbili zinapokosa kuelewana kweli. Wahandisi hujenga hoja hivi: Kimandarini kina toni, kubadili sauti hubadili neno, kwa hiyo mifumo yake mara nyingi huongezewa kipimo cha kupanda na kushuka kwa sauti. Kiswahili, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, kimepoteza toni, mkazo wake hutabirika, kwa hiyo kipimo hicho ni gharama ya bure. Nusu ya kwanza ni sahihi. Nusu ya pili ni kosa, kwa kuwa kazi ambayo toni haifanyi kwenye neno, kiimbo kinaifanya kwenye sentensi. Na mifumo ya kugeuza sauti kuwa maandishi hufundishwa kwa rekodi zenye maandishi yake, na kwenye maandishi kitu pekee kilichobaki cha kiimbo ni alama ya kuuliza, ambayo wengi wetu hatuiweki tukiandika ujumbe. Si kwamba jambo lenyewe ni geni: sarufi ya E. O. Ashton ya mwaka 1944 ilitaja kiimbo hadi kwenye jalada.

Kuifundisha mashine kiimbo kunawezekana, ila kwa kazi ya mikono. Unahitaji jozi za sentensi zilizo sawa kwa maneno na tofauti kwa nia, zenye konsonanti za ghuna, yaani zinazotamkwa nyuzi za sauti zikitetema, ili mstari wa kiimbo usikatikekatike. "Mlinzi amelala" inafaa sana, hakuna mlio hata mmoja unaozima nyuzi za sauti. "Umefunga valvu" haifai hivyo, kwa sababu /f/ inatoboa shimo katikati. Maikrofoni ya kichwani ikae sentimita tatu hadi tano pembeni mwa mdomo, isiwe mbele ya pumzi. Rekodi ihifadhiwe bila kubanwa. Usimpe mtu karatasi asome, kwani swali la kusomwa huwa na kiimbo cha darasani, kimepandishwa kuliko mtu yeyote anavyouliza gatini. Wape watu wawili kazi inayowalazimu kuulizana. Na ukipima, pima kwa nusutoni, hatua ndogo za ngazi ya muziki, badala ya hezi: kutoka 110 hadi 165 kwa mwanamume ni kupanda kuleule kwa 200 hadi 300 kwa mwanamke, yaani nusutoni 7, ingawa kwa hezi mmoja amepanda 55 na mwingine 100. Mfumo uliowekewa kizingiti cha hezi kwa sauti za wanaume utaona maswali mahali ambapo mwanamke ametoa taarifa tu.

Hapo bado hujagusa lafudhi. Pwani ya Tanga ina Kimtang'ata chake, na wazee wa pwani bado hutenganisha kwa pumzi kaa wa baharini na kaa la moto, jambo ambalo tahajia haioneshi. Haitaharibu ukaguzi wa tangi, lakini inaonesha ni kiasi gani cha sauti kinabaki nje ya maandishi.

Wapo wanaosema njia fupi ni kuwaambia mafundi watumie "je" kila wanapouliza. Kimsingi ni sawa na lugha ya redio ya mabaharia. Mimi naona inafaa nusu tu. Mtu akizungumza na mashine peke yake atakumbuka. Akizungumza na mwenzake huku mashine inasikiliza, hatakumbuka, na huwezi kumfundisha mtu kuuliza upya katika lugha ya mama yake. Afadhali maikrofoni iwe ya kubonyeza, ifunguke kwa kipimo na maelezo tu, kisha kifaa kirudie kwa sauti kilichosikia: "nguzo 14, nane nukta sita". Fundi asipokubali, hakiandiki. Kurudia kunachukua sekunde mbili na kunakamata karibu kila kosa lililotajwa hapa, likiwemo la kejeli, maana "kazi nzuri hiyo" ya Tanga mara nyingine maana yake ni kinyume kabisa.

Kuendesha roboti yenyewe kwa sauti, hapana. Kupanda, kushuka na kugeuka vibaki kwenye usukani wa mkononi, kwa sababu amri iliyokosewa kwenye ukuta wa tangi hairudishwi kwa kusahihisha fomu.

Ubaguzi ni mmoja, amri ya kusimama. Hiyo isikilizwe muda wote na kutekelezwa kwa kiimbo chochote, hata ikiwa swali, kwa kuwa roboti iliyosimama bure inapoteza dakika moja tu. Kitufe chekundu kibaki palepale pia. Ugumu ni kuchagua neno. "Simama" hupigiwa kelele gatini mchana kutwa, kwa dereva wa kreni, kwa mchukuzi, kwa mtoto aliyepita pasipopitwa. "Nanga" lina konsonanti zinazopita vizuri kwenye redio, lakini bandarini hilo nalo haliishi kutajwa. Linatafutwa neno la silabi tatu au nne, lisilo na /s/, lisilo na kiambishi cha kukatwa mbele, na ambalo hakuna mtu wa bandarini analisema kabla ya chakula cha mchana.