Garasa Likishinda, Nani Kaiba?

Msimu wa korosho ukifika na malipo ya mnada yakaingia, vijiwe vya karata hapa Mtwara huchangamka, na neno "umeiba" haliishi mezani. Mtu akiwa na garasa, karata isiyo na thamani, akala pesa zote, aliyeliwa hakubali kwamba ni bahati.

Wanaotaka anayeshuku wizi aseme palepale wana hoja. Mwaka 2007 wachezaji wa poka mtandaoni walilalamika kuwa kwenye tovuti ya Absolute Poker kuna mtu anacheza kama anayeona karata za wenzake. Kampuni ikakana. Wao wakapekua kumbukumbu, mchezo baada ya mchezo, hadi ikathibitika kuwa akaunti hiyo ilikuwa inaziona kweli. Wangeona haya kusema, wangeendelea kuliwa.

Lakini lipo la Los Angeles, Septemba 2022. Mchezaji wa poka Robbi Jade Lew aliweka dola 109,000 akiwa na jeki na nne, hata jozi hana, akamshinda Garrett Adelstein mbele ya kamera. Watu wakasema haiwezekani. Wachache walikumbuka kwamba Adelstein naye hakuwa na kitu. Alikuwa anasubiri karata ya mwisho imkamilishie, na nafasi zao zilikaribia nusu kwa nusu. Adelstein akamshuku Lew, wakazungumza pembeni, Lew akamrudishia dola 135,000. Wengi walichukulia kwamba amekiri. Siafiki kabisa: mtu aliyebanwa anaweza kulipa ili yaishe. Desemba uchunguzi ukatoka: hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba aliiba.

Wale wa 2007 walikuwa na rundo la michezo. Huyu alihukumiwa kwa mmoja.

Kijiweni kwetu hakuna kamera wala kumbukumbu, na hapo ndipo ninapoogopa. Ukipaza sauti "mwizi" mtaani, wanaokuja mbio hawaulizi ni mwizi wa nini. Anayeshuku aombe karata zikaguliwe. Ree iliyotiwa alama kwa ukucha pembeni huonekana ukiilaza kwenye mwanga. Abadilishwe mgawaji, akate asiyegawa, ifunguliwe pakiti mpya. Washirika wanaokonyezana watazamwe raundi kadhaa, maana jicho moja kupepesa linaweza kuwa vumbi tu. Yote hayo yanafanyika bila kumchafua mtu jina.

Akikataa ukaguzi, ninayo sababu ya kunyanyuka na pesa iliyobaki. Ya kumtangaza mwizi bado sina.